Sifa za Povu

Povu halina mtetezi. Mama anayechemsha maziwa hulikimbiza kwa mwiko, mnywaji hulipuliza ukingoni mwa glasi, na anayepima kwa haidromita hulilaani kimoyomoyo. Leo nimesimama kulitetea, na kesi naifungulia Makandana, hapa Tukuyu, maana mji wenye ng'ombe wa maziwa, ulezi na mvua isiyojua likizo hauwezi kukosa povu la kila namna.

Tuanze na nasaba, kama inavyostahili mtu mkubwa. Povu ni hewa, au gesi, iliyovikwa ngozi nyembamba ya protini. Katika maziwa huzaliwa na mkono wa mkamuaji, kisha hulelewa na mashimo ya barabarani. Katika bia, mzazi wake ni hamira inayokula sukari na kupumua kaboni dioksidi. Ukoo safi kabisa. Mpinzani wake, haidromita, ana ukoo mrefu pia: mwanzoni mwa karne ya 5 Synesius wa Kirene, akiwa taabani, alimwandikia mwalimu wake Hypatia kule Alexandria amtengenezee kifaa cha kupimia uzito wa maji, mrija wa ukubwa wa filimbi, wenye alama ubavuni na kizito chini. Akaeleza kwamba mtu atazihesabu alama hizo bila taabu. Ni wazi mzee huyo alikuwa akipima maji matupu.

Angepima bia, angejua. Anayepika bia nyumbani hukamua utamu wa kimea kwa maji ya moto na kupata, tuseme, 1.050 kwenye kioo cha haidromita kabla ya kutia hamira. Hamira ikishamaliza kazi, kioo kinazama hadi 1.010. Tofauti hiyo ya 40 ukiizidisha kwa 0.131 unapata kilevi cha asilimia 5.2 hivi. Ndipo povu linapoingia. Vipovu vidogo hung'ang'ania tumbo la kioo, kila kimoja boya lake, na kukiinua hadi kisome 1.014. Kwa hesabu ileile, kilevi kimeshuka hadi 4.7, na mpishi anaamini hamira yake ni mvivu. Mgeni aliyehakikishiwa kuwa bia ni nyepesi huinuka kitini na kukuta miguu imepata taarifa tofauti.

Wataalamu wana dawa, na dawa zenyewe ni ibada kwa povu. Sampuli humiminwa jagi hadi jagi mpaka gesi itoke, kisha hupitishwa taratibu kwenye ukuta wa silinda. Kioo huzungushwa kwa vidole viwili kiwaangushe wapanda bure. Halafu msomaji huinama mpaka jicho lilingane na uso wa bia, akasoma kwenye bonde la katikati na si pembeni, ambako kimiminika hupanda kioo kidogo. Ni povu lililowapigisha watu wazima magoti mbele ya bia kabla hawajainywa. Kwa kawaida magoti huja baadaye.

Kwenye kimpumu, pombe ya ulezi ya Wanyakyusa, povu haligombani na mtu. Haidromita ikitumbukizwa humo inakwama kwenye machicha na kusoma inachojisikia. Mama mwenye chungu hahitaji kioo: anaangalia povu, ananusa, anaongeza maji ya moto, anakukabidhi mrija. Hapo povu ndilo kipimo, na sijaona mteja akilidai cheti.

Lakini ushujaa wake halisi uko kwenye maziwa. Dada yake haidromita, laktomita, hutaka maziwa mazuri yasome kati ya 26 na 32, yaani 1.026 hadi 1.032; chini ya hapo, mtu anashukiwa kaongeza maji. Nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na kila nyuzi inayozidi hapo huiba kama 0.2. Maziwa yaliyofika na joto la kiwele tayari yana kesi. Povu linaongeza ushahidi: kwenye bia lilikiinua kioo, huku linajichanganya ndani ya maziwa, linayafanya mepesi, na kioo kinazama. Shahidi mmoja, mahakama mbili, na kote anaaminiwa.

Fika asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, bodaboda zikiwa zimepanga ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pima haraka, nina mgonjwa hapo hospitali, nampelekea uji."

"Mama, inasoma 24."

"24 ya nini? Maji kayanywa ng'ombe. Mimi sikuongeza kitu."

"Kipimo hakina undugu, mama."

"Basi subiri povu litulie."

"Na foleni hii nayo itatulia?"

Nyuma yake kuna bwana mmoja mtulivu. Huyu usiku ameengua malai, na maziwa yakipungukiwa mafuta huwa mazito, laktomita hupanda. Kisha akatia maji kiasi cha kuishusha tena. Maziwa yake ni ya baridi, maana yamelala, na anayamimina polepole ubavuni mwa silinda bila kiputo hata kimoja. Yanasoma 29. Kumnasa kunahitaji kipimo cha mafuta, chenye asidi na muda wake, na asubuhi hii vyote havipo. Karani anaandika 29 na kumsifu kwa usafi wa ndoo. Katika mlolongo wote ule, ndiye pekee anayeliheshimu povu inavyopaswa, na kwa hiyo linamlipa.

Mama kahamishiwa pembeni. Ameitumbukiza ndoo yake kwenye karo la maji baridi, mfuniko juu mvua isije ikamthibitishia kosa, na uji wa mgonjwa unapoa pamoja na maziwa. Foleni imekwisha, povu limeshuka, karani anarudi na kioo chake, anainama, anasoma kwenye ukingo wa juu kama inavyotakiwa kwa kimiminika kisichopenya jicho. 28. Anafuta kioo, anasoma tena. 28.

"Mama," anasema kwa heshima zote, "haya maji umeyatoaje?"