Nahodha wa Ubao Mmoja

Ubao wa kusimamia ni chombo cha majini kisicho na kiti, tanga wala mahali pa kujishikiza. Mtu husimama katikati yake, akashika kafi refu, akajisukuma mbele. Mchezo huu ulianzia Hawaii, penye mawimbi ya bahari, kisha ukapanda bara hadi kwenye maziwa madogo ya miji iliyo chini ya Milima ya Rocky, Marekani. Baharini, anayeanguka husingizia wimbi. Ziwa dogo halina wimbi, kwa hiyo kila anguko lina mwenyewe.

Mfano mzuri ni Evergreen, mji mdogo ulio magharibi ya Denver katika jimbo la Colorado, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lake ni la kutengenezwa: mwaka 1928 jiji la Denver lilikamilisha bwawa kwenye mto Bear Creek. Mto huo hushuka kutoka Mount Blue Sky, mlima wa zaidi ya mita 4,300, na mwanzoni mwa kiangazi sehemu kubwa ya maji yake juzi tu ilikuwa theluji.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Evergreen mambo ni kinyume, kwa maana kuogelea ziwani ni marufuku. Kuanguka hakukukatazwa, na anayeanguka huthibitisha kwa ukelele wake kwamba hakukusudia.

Ubao wa kukodi hupatikana ukiwa tayari. Mwenye ubao wake wa kujazwa upepo huanza na pampu ya mkono. Mbao nyingi huhitaji shinikizo la hewa la PSI 12 hadi 15, yaani nusu ya tairi la gari dogo au pungufu, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Mwanzoni pampu huenda kama ya baiskeli. Mshale wa kipimo cha pampu ukifika katikati, pampu hugoma, na mwenyewe hulazimika kuilalia kwa tumbo kila anapoikandamiza. Kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi, mara nyingi yeye huishiwa pumzi kabla ubao haujajaa.

Kusimama hufanywa kwa hatua. Kwanza mtu hupiga magoti, akaenda hivyo hadi penye kina. Kisha huinuka, nyayo zikiwa sambamba, magoti yamelegea, macho yakitazama mbali. Mwanafunzi karibu kila mara hutazama miguu yake, kana kwamba itamtoroka. Kichwa kikiinama, mwili hufuata. Kosa la pili ni kushika kafi kinyume: bapa lake limepinda kidogo na linapaswa kuelekea mbele, ingawa macho humshawishi mgeni kuligeuza.

Anguko la kawaida huanza kwa amani. Mpiga kafi ameondoka gatini, watoto wake wanampungia. Naye anainua mkono kuwajibu, na mkono huo ndio uliokuwa juu ya mpini. Kafi linakwenda kushoto, ubao kulia, mwenyewe anabaki kati, simu mfukoni. Ubao hauendi mbali kwa sababu umefungwa mguuni kwa kamba. Kurudi juu hutaka mtu ashike mpini wa katikati ya ubao, apige miguu kama chura, kisha ajivute kwa tumbo. Kulungu wakubwa waitwao elki, ambao hutembea mjini humo kama wenyeji, huweza kuyatazama yote hayo kutoka ukingoni huku wakicheua.

Upepo nao una zamu yake. Asubuhi ziwa hutulia kama uji uliopoa. Alasiri za Julai na Agosti mawingu hujikusanya milimani, na radi huweza kufuata. Hapo ndipo mtu aliyesimama wima hugundua kwamba tanga lilikuwapo tangu mwanzo, nalo ni mwili wake. Dawa ni kupiga magoti, kuelekea ukingo wa karibu na kutoka majini kabla ya radi. Asiyefanya hivyo hufika ng'ambo ambako hakuacha gari.

Mwaka 2008 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliamua kwamba ubao huu, ukitoka nje ya eneo la kuogelea au la kuteleza juu ya mawimbi, ni chombo halali cha majini. Kwa hiyo anayeusimamia huwa na jaketi la kujiokolea na filimbi, naye kwa heshima zote ni nahodha. Methali husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ubao huu huenda mrama na nahodha mmoja tu.

Majira ya baridi ziwa la Evergreen huganda, na watu huteleza juu yake kwa viatu vya chuma. Wanaoanguka ni wengi vilevile, ila hawalowi.