Salamu kwa Mangwe, Kutoka Baharini

Mjomba, na nyote mtakaosomewa ujumbe huu hapo mangweni Kakuyuni huku mkinywa mnazi,

Mimi mzima, na nanenepa. Kazi ni ile ile ya kutandika vitanda melini, ila sasa kitanda kinaamka Italia na kulala Tunisia. Mliniuliza miji ya huku ikoje. Nitawaeleza, lakini kwanza mjue inavyotembelewa.

Meli inafunga gati alfajiri. Abiria wanabandikwa namba kifuani na kupakiwa kwenye mabasi, kila kundi likimfuata kiongozi aliyeinua kibao. Jioni honi ikilia, nchi imekwisha. Bibi mmoja aliniambia, huku akivua viatu, "Tunisia nimeimaliza."

Ratiba nayo msiiamini. Imeandikwa Roma, kumbe meli inasimama Civitavecchia, na Roma yenyewe iko kilomita kama 80 mbele. Ni sawa na kushushwa Kilifi ukaambiwa hii ndiyo Malindi, tena utafute nauli. Abiria wanarudi nyuso zimewiva, wananionyesha picha za chemchemi ya Trevi, pale mtu anapoyapa maji kisogo na kutupa sarafu nyuma ili siku moja arudi. Sarafu zinaokotwa na kupewa Caritas, shirika la kanisa, kwa ajili ya maskini. Mzee wetu akiacha shilingi mzimuni anaombewa aokoke. Hawa wanapigwa picha.

Sisi wafanyakazi tunapewa saa mbili tatu tukishamaliza vyumba. Wenzangu Wafilipino hawana habari na makanisa wala ngome. Wanajua kila bandari ni mkahawa gani wenye intaneti ya bure, wanajikalia humo wakizungumza na watoto wao. Hao ndio wenyeji halisi wa Mediterania.

Mimi nina kiherehere. Napoli niliagiza kahawa kwa Kiitaliano chetu kile cha ufukweni. Muuzaji akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Kenya, akaitikia kwa adabu tu. Nikasema Malindi, nusura aruke kaunta! Akanitajia hoteli moja moja, akataka kujua kambakoche ni bei gani mwaka huu. Tangu Waitaliano waje Ngomeni miaka ya 1960 kurusha roketi za mradi wao wa San Marco, naona nusu ya Napoli imeshapita Casuarina hapo Malindi. Nikamwambia kwetu hasa ni Kakuyuni, hapo hapo ukielekea bara. Hapajui. Miaka yote hiyo ya kuja kwetu, hajawahi kuipa bahari mgongo. Na kahawa yake ni funda moja, inanywewa wima.

Tunisia ndiko nilikofaidi. Bandari ni La Goulette, na Carthage iko jirani. Warumi waliuteketeza mji ule mwaka 146 kabla ya Kristo, baadaye wakarudi wakaujenga upya, na ufukweni wakaweka bafu kubwa ajabu la Kaisari Antoninus. Mjomba, bahari hiyo hapo, nao wanachemsha maji ya kuoga! Mwongoza watalii akajigamba kwamba UNESCO iliuorodhesha mji huo mwaka 1979. Nikamjibu kwamba Gede yetu imeingia mwaka 2024, ina kasri, misikiti na visima. Sikumwambia kwamba wengine wenu hamjakanyaga humo kwa kuogopa majini.

Juu ya genge kuna mji mweupe wenye milango ya buluu, Sidi Bou Said. Kina Sidi wote kuanzia Kakuyuni hadi Jilore wajue wana mji wao huku, ila wasije kudai kodi. Dukani, abiria wangu alitajiwa bei ya sahani akalipa papo hapo. Mwenye duka alihuzunika: hakupata hata nafasi ya kuapa. Mimi nilianzia robo, nikageuka kuondoka, akanifuata hadi njiani akimtaja Mungu. Tuliagana ndugu.

Mitende ya mapambo ipo kila bandari, na hakuna hata mmoja wenye kibuyu juu. Wagema wa kwetu wangelia.

Sasa, mzee mmoja wa Milano anakuja Malindi Desemba, nami nimemwelekeza kwenu. Mpokeeni kama wanavyopokewa huku: mbandikeni namba kifuani, mjomba uinue fimbo utangulie, aone mangwe, kisima na mbuzi wako, kisha mtangazieni kwamba Kenya ameimaliza. Bei ya mnazi ianzieni juu. Akitoa pesa bila kubishana, msizipokee mpaka abishane.