Shemeji, Naomba Huo Mpini

Corolla yangu ya kabureta haina ugomvi na mtu ikiwa mwendoni. Ugomvi huanza saa nane mchana, foleni ya Ubungo ikigoma kusogea. Injini inazima, haiwaki tena mpaka ipoe, na nyuma yangu makonda wa daladala wanautaja ukoo wangu mzima.

Fundi alipoinua boneti alicheka kwanza. Kati ya manifoldi na kabureta panatakiwa kipande kinene cha kuzuia joto, maana petroli haina subira: sehemu zake nyepesi huanza kuchemka hata kwenye nyuzi 40. Cha kwangu mwenye gari wa awali alikichonga mwenyewe kwa alumini, tena kwa ustadi wa hali ya juu. Alumini hupitisha joto mara mamia kuliko mbao! Palipohitaji ukuta yeye alijenga daraja.

Jumapili fundi akaja nyumbani kutafuta malighafi. "Shemeji, ule ubao wa kukatia nyama uko wapi?" Mke wangu akaukumbatia. Hakuhitaji kuupigania, ni wa plastiki, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Jirani seremala akanadi mninga, na kweli mbao huzuia joto, ila hunywa petroli, na zikikauka zinapasuka. Mwingine akaja na kipande cha paa la asbesto. Huyo tulimgeuzia getini: vumbi lake huleta saratani.

Ndipo fundi akakiona kikaango. "Bakelaiti!" Akatueleza kwamba Leo Baekeland aliitengeneza mwaka 1907, na kwamba ikishagandishwa haiyeyuki tena, wala haipitishi joto kirahisi, ndiyo maana kikaango kinaungua na mpini bado unashikika. Wakati anaeleza, bisibisi ilikuwa kazini. Mpini ukatoka. Ukawa mdogo.

Kesho yake tukapata Gerezani kibao cha bakelaiti kutoka kwenye paneli kuukuu ya umeme, unene wa milimita 10. Tukakikata kwa msumeno wa chuma, tukatoboa, tukafunga. Ubungo ikavukwa bila kuzima. Tatizo ni kwamba kabureta imepanda, chujio la hewa limepanda nayo, na boneti haifungi. Tumeifunga kwa mpira wa tyubu.

Trafiki akatusimamisha. "Mzee, hii boneti vipi?"

Kabla sijajibu, fundi alishashusha kioo, akaanzia mwaka 1907.