Itaendelea Toleo Lijalo

Wewe mwenye mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, halafu una kitu chako unachokipenda ambacho hakiliwi wala hakivaliwi, sogea hapa tukae. Mimi nina tranka. Ni lile la bluu la enzi za bweni, lina kufuli, na ndani yake mna magazeti ya katuni za kutisha: majini, mizimu, misukule, maiti waliorudi kudai chao. Mengi ni Sani za zamani, zile za kina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Na mimi natafuta safi tu. Jalada lisiwe na mkunjo, pini zisiwe na kutu, kona zikate, kurasa zitimie, na asiwepo mtu aliyejaza chemshabongo kwa peni.

Mke wangu, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Afya kwa sababu hakuna uvungu asioukagua, hili la usafi limemshinda kabisa. Muuza vitabu chakavu akinipa gazeti kwa bei ya chungwa nalirudisha kwa kuwa limechanika ubavuni. Lile lile likiwa zima nalinunua kwa pesa ambayo Bwana Afya anaihesabu kwa vitenge. Nimemweleza mara nyingi, na wewe nakueleza: magazeti yale hayakununuliwa yakawekwa. Alinunua mmoja, akasoma mtaa mzima. Likitoka sebuleni linakwenda kwa kinyozi, kwa kinyozi linakwenda kijiweni, mwisho linafungia karanga. Nakala iliyopita katikati ya watu wote hao ikatoka salama ni jambo la kushangaza, na mtu akiiona ailinde. Philip Ndunguru, mchoraji wa vibonzo vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa, alifariki 1986. Mkono wa mtu kama yule unauona vizuri pale tu wino ulipobaki mweusi na karatasi haijawa rangi ya chai.

Wamarekani wamelifanya jambo hili kuwa kazi kamili. Kampuni ya EC ilikuwa na Tales from the Crypt na nduguze, kuanzia 1950 hadi 1955, maiti wakifufuka kulipiza kisasi kila toleo. Mwaka 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, akaandika kitabu kizima cha kusema magazeti hayo yanaharibu watoto. Seneti ikamhoji mchapishaji, William Gaines, na kabla mwaka haujaisha wachapishaji wakajiwekea kanuni iliyoyafukuza magazeti ya kutisha sokoni. Lakini Gaines alikuwa ameweka akiba nakala za kila toleo, zimefungwa, hazijasomwa. Zilipoanza kuuzwa miaka ya 1990, wakusanyaji walipigana vikumbo. Tangu 2000 kuna kampuni iitwayo CGC inayolikagua gazeti, ikalipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha ikalifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukiifungua, alama imekwenda.

Nilipomsimulia Bwana Afya haya, aliacha kukuna nazi akaniangalia. “Sasa wanalisomaje?”

Gaines hakuwa na nyumba Bigwa, hapa Morogoro. Sisi tuko chini ya mlima kabisa. Mawingu yakilala juu ya Uluguru kuanzia Machi mpaka Mei, hata kola ya shati inaota ukungu. Karatasi ya gazeti ni mbao iliyosagwa. Ina asidi ndani yake, ikipigwa na mwanga na hewa inakuwa njano, kisha inavunjikavunjika. Unyevu nao unakula pini. Kwa hiyo tranka langu nimeliweka juu ya stuli pana, miguu yote imo kwenye makopo ya oili chafu, mchwa wasipande. Ndani nimepanga vile vipakti vinavyofyonza unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Ndugu, jamaa na majirani wote wanajua: ukinunua kiatu, kipakti ni changu.

Panya ndiyo kesi ngumu zaidi, kwa sababu panya wana wakili nyumbani kwangu. Mwanangu wa kiume, Injinia, ambaye hakuna redio aliyoifungua ikarudi kuimba, alikwenda kuwaona panya buku wa APOPO pale SUA, wale wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Akarudi na habari za Magawa, panya aliyelelewa hapa hapa Morogoro, akaenda kunusa mabomu Kambodia, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Tangu siku hiyo kutega mtego kwangu ni kosa la jinai. Nimemwambia wa darini kwetu hawakusoma. Anajibu kwamba hawakupewa nafasi.

Basi masika iliyopita akashuka mama mkwe kutoka Mgeta na gunia la kabichi. Watoto wanamwita Bibi Kabichi mchana kweupe, naye anawaita wanga wadogo. Wao ni watani. Mimi ni mkwe. Naamkia shikamoo, naangalia chini, napokea gunia. Akapewa chumba chenye tranka, na usiku ule ule binti yangu, Redio Mbao, akaiba ufunguo ili amwonyeshe bibi yake “picha za baba”. Asubuhi niliitwa.

“Baba Zena, hiki ni kitu gani umemlaza nacho mama yako?”

“Mama, ni magazeti tu ya zamani.”

“Lenye mizimu si gazeti, baba. Hilo lina wenyewe.”

Tranka likahamia stoo ya jikoni, kati ya mtungi wa gesi na kiroba cha dagaa. Niliomba angalau dagaa wahame. Bwana Afya akasema dagaa wanaliwa.

Kisha umeme ukakatika usiku wa mvua kubwa, na Redio Mbao akiwa hana televisheni lazima asome kitu kwa sauti. Alichomoa gazeti moja dogo la miaka ile ile, ambalo halikuishi muda mrefu, lenye mkasa wa mwanamke aliyeolewa na mwanamume tajiri asiye na kivuli. Akamulika kwa simu, akaanza. Bibi Kabichi akasema acheni hayo, someni maneno ya Mungu. Akasema tena. Mara ya tatu akasema, “Hebu ngoja. Rudia hapo. Kivuli chake amekiweka wapi?” Bwana Afya akaacha vyombo. Injinia akasogea. Mwanamke akafika kwenye mlango wa chumba alichokatazwa kukifungua, akashika kitasa, na chini ya picha pakaandikwa: itaendelea toleo lijalo.

“Endelea,” bibi akasema.

“Bibi, imeishia hapo.”

“Haiwezi kuishia hapo. Huyo mtoto wa watu ataachwaje mlangoni? Baba Zena, toleo lijalo liko wapi?”

Toleo lijalo sina. Nimelitafuta miaka. Nilipomwambia hivyo aliniangalia kwa namna ambayo hakuniangalia hata wakati wa kupanga mahari.

Tangu usiku ule nyumba nzima imekuwa ya wakusanyaji, na sijawahi kuona hatari kubwa kuliko hiyo. Kila baada ya chakula tranka linafunguliwa, nakala zote zinapekuliwa, pengine sehemu ya pili ilijificha kwenye gazeti jingine. Redio Mbao anasoma huku anamenya karanga. Bibi analamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, kila ukurasa. Nilinunua glovu za mpira nikazigawa. Bwana Afya akaziona zinafaa kuoshea choo. Nimeyaona majalada niliyoyalinda toka ujana wangu yakipata alama za vidole vya maandazi, na moyo umeniuma kweli kweli. Lakini nimemwona pia Injinia akiushikilia mchoro karibu na pua, akamwonyesha dada yake jinsi mchoraji alivyouacha uso wa jini mtupu ili kila msomaji aujaze mwenyewe. Hilo sikumfundisha mimi.

Bibi Kabichi hakuishia hapo. Kwa Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Sasa mjomba wa Nyandira ni mdogo wake Bibi, na Bibi ndiye mwenye sauti juu ya mwenye sauti. Alimpigia simu akamwamuru apande darini, azungukie na nyumba za majirani. Wiki hiyo hiyo kondakta akatushushia boksi la stroberi. Chini ya stroberi, tena kwa kutandikia, lilikuwa toleo lijalo lenyewe. Nililitambua kwa kipande cha jalada kilichosalia. Nikalikausha kwa tambara, karatasi moja moja, nikakataza mtu kusogea, na hakuna aliyenisikiliza kwa kuwa Redio Mbao alikuwa ameshaanza kusoma juu ya bega langu.

Mlango ulifunguliwa. Ndani ya chumba kulikuwa na vivuli, vimetundikwa ukutani kama makoti, na kimoja kilikuwa cha mama yake yule mwanamke. Bibi akashika tama. Akageuza kutafuta karatasi ya mwisho, na karatasi ya mwisho haipo. Imechanwa vizuri, kwa mstari, kama na mtu aliyehitaji kusokota sigara.

Alimpigia mjomba pale pale. Mjomba akaapa hajawahi kuvuta. Hapo wakaanza Kiluguru, na mimi nikatoka uani kutafuta hewa. Niliporudi, uamuzi ulikuwa umeshapita: Jumamosi Bibi Kabichi, Redio Mbao na Injinia wanapanda treni ya umeme kwenda Dar, wakapekue kwa wauza vitabu vya mitumba mpaka karatasi ile ipatikane. Bwana Afya anabaki kuangalia nyumba. Nauli ni zangu, na nimeagizwa nitoe orodha ya matoleo yote ninayoyakosa, kwa maandishi yanayosomeka, kwa kuwa bibi anasema kama ni kutafuta watafute yote kwa mara moja. Nimeiandika. Mbele ya kila toleo nimeweka neno “safi”. Bibi amelisoma, ameomba peni, na kila mahali amelikata akaandika “lenye mwisho”.