Mazimwi ya Kuagiza

Kuna mwenzetu hapa Musoma, ukimwomba kitabu kizuri anakutajia George R. R. Martin na majoka yake yanayotema moto. Juzuu ya tano ya mfululizo huo ilitoka 2011. Ya sita anaisubiri mpaka leo, mvumilivu kuliko wavuvi wa Mwigobero. Hongera zake.

Mtajie Adili na Nduguze, anacheka: "Si cha shule hicho?" Cha shule! Jini kaamuru, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili hana budi kuwacharaza kila usiku. Shaaban Robert huyo, 1952. Lakini hakuchora ramani ukurasa wa mbele, basi si riwaya.

Mtajie mwandishi Aniceti Kitereza, ndiyo kabisa. Ukitoka Bunda, kivuko cha Kisorya kinakufikisha kwao Ukerewe. Mashujaa wa riwaya yake hawana upanga. Myombekere anahangaikia pombe ya ndizi ya wakwe ili arudishiwe mke. Nani atengeneze filamu ya mitungi ya pombe?

Hata wa kigeni tunaye kwa Kiswahili: Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, alimtafsiri Shakespeare akiwa Ikulu. Mwenzetu Butiama hajafika. Ila Westeros ya Martin, muulize njia yoyote.