Tiba ya Gari Kuukuu Ipogolo

Gari kuukuu likichemsha kwenye mlima wa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, uchunguzi huanza kwa kufungua boneti. Mafundi watano hujitokeza papo hapo, wanne wakiwa wapita njia. Tiba yao ni moja: kung'oa themostati, eti ni kifaa cha nchi za baridi. Kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari si hoja. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikitolewa, asubuhi ya Julai injini huchelewa kupata moto na kubugia petroli. Rejeta iliyoziba, mgonjwa halisi, haiguswi. Mwenye gari azibue rejeta, injini ikishapoa, na themostati airudishe.