Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani: Fasihi ya Mashine Mbovu

Msajili wa Hakimiliki,
Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani,
Maktaba ya Bunge,
Washington.

Yah: Ombi la ufafanuzi kuhusu hadhi ya kifasihi ya kumbukumbu za hitilafu katika mashine kuukuu za hospitali

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inaandikwa kwa heshima zote zinazoistahili Ofisi ambayo sheria ya mwaka 1998 iliibebesha jukumu ambalo hakuna idara ya fasihi ya chuo kikuu chochote iliyowahi kulithubutu, nalo ni kushauri ni nani anayeruhusiwa kusoma maandishi ya mashine iliyoharibika. Wasomaji wa Kiswahili, waliozoea kuigawa fasihi andishi katika ushairi, riwaya, tamthilia na hadithi fupi, wanastahili kujulishwa kwamba upo utanzu mwingine ambao wahakiki wao wameupuuza kwa muda mrefu, kwa kuwa katika kanuni zilizotangazwa Oktoba 2015 chini ya sheria hiyo mikusanyiko ya data inayozalishwa na vifaa tiba vilivyopandikizwa mwilini iliorodheshwa waziwazi miongoni mwa kazi za kifasihi, na mgonjwa aliyebeba kifaa cha namna hiyo kifuani akapewa ruhusa maalumu, yenye ukomo wa miaka mitatu, ya kusoma kile ambacho moyo wake mwenyewe umeandika. Programu za kompyuta nazo, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani, ni kazi za kifasihi, na hivyo mashine yoyote ya hospitali yenye kompyuta ndani yake ni mwandishi, au walau ni maktaba.

Ni vyema kueleza kazi hiyo ni ya namna gani. Mashine ya CT-scan, yaani ile inayozungusha tyubu ya eksirei kumzunguka mgonjwa na kuunganisha vipimo vingi kuwa picha ya kipande kimoja cha mwili, hujiandikia daftari muda wote inapokuwa imewashwa, na kila amri iliyopokewa, kila joto lililovuka kiwango na kila picha iliyokatizwa katikati huwekwa katika faili pamoja na tarehe, saa, namba ya hitilafu na jina la sehemu iliyolalamika. Faili hilo, ambalo mafundi wa vifaa tiba huliita logi na ambalo barua hii italiita kumbukumbu za hitilafu, halina wahusika wala mandhari, na mbinu pekee ya lugha inayotawala humo ni takriri, kwa kuwa kosa lilelile huweza kurudiwa mara arobaini kabla ya saa sita mchana bila kubadilishwa hata herufi moja.

Pamoja na ukavu huo, hakuna andiko linalotafutwa kwa hamu zaidi siku ambayo mashine imegoma. Tyubu ya eksirei ni chombo kisicho na hewa ndani yake, ambamo elektroni husukumwa kwa umeme wa takriban kilovolti 80 hadi 140 kutoka upande mmoja na kugonga sahani ya metali inayozunguka upande wa pili. Tyubu inapozeeka, ombwe hilo hupungua ubora na cheche huanza kuruka mahali zisipotakiwa, mashine ikaikatiza picha. Hata hivyo, picha inaweza kukatizwa vilevile na kebo ya umeme mkubwa iliyochoka, au na tangi la kuzalisha umeme huo, au na pampu ya mafuta ya kupooza iliyolegea, na kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa kioo, hitilafu zote nne zina sura moja tu: mashine imekataa. Fundi anayesoma kumbukumbu huona tofauti. Akikuta onyo la joto la mafuta limetangulia cheche, na kwamba jambo hilo hutokea mchana baada ya wagonjwa wengi kupita, huanza na pampu na feni. Akikuta cheche za saa moja asubuhi, mashine ikiwa bado baridi, shaka yake huhamia kwenye tyubu yenyewe na kebo zake. Tyubu mpya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na ya mashine kubwa huweza kuvuka laki moja, ilhali feni hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, kwa hiyo mhasibu wa hospitali, ambaye kwa kawaida hasomi ushairi, angeusoma huu kwa kalamu mkononi.

Umri wa mashine huongeza ladha ya kifasihi. Katika mashine nyingi za miaka ya tisini na elfu mbili, faili la hitilafu ni la mzunguko, maana yake ni kwamba likijaa huanza kujifuta kutoka mwanzo ili kupata nafasi ya hitilafu mpya, na hospitali inayosubiri wiki tatu mpaka mhandisi wa kampuni mwenye ufunguo wa faili hilo afike hugundua kwamba sura zile zenye chanzo cha tatizo zimekwisha kufutwa na malalamiko ya baadaye. Saa ya kompyuta nayo hutegemea betri ndogo iliyomo ndani, na betri hiyo inapokufa, saa ya kompyuta zenye asili ya Unix huweza kurudi tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo mwanzo wa wakati kwa mfumo huo, ikawa mashine inatoa ushahidi kwamba tyubu yake ilitoa cheche zaidi ya mwaka mzima kabla mgonjwa wa kwanza duniani hajapigwa picha ya CT ya kichwa, tukio lililofanyika London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Ili kulitoa faili lenyewe nje, mashine nyingine hudai flopi ya megabaiti 1.44, au diski za sumaku na mwanga ambazo viendeshi vyake havitengenezwi tena, au kebo ya mfululizo yenye pini tisa ambayo kompyuta za mkononi za leo hazina hata tundu lake. Haya yote ni matatizo ya uzee, na fundi mwenye subira huyamaliza kwa kuokota vifaa katika mabaki ya kompyuta zilizotupwa.

Tatizo lisilomalizwa kwa subira ni kufuli. Watengenezaji wengi hugawa mashine kwa ngazi: ipo ngazi ya mpiga picha, ipo ya fundi wa hospitali ambaye huonyeshwa ujumbe mfupi wa kumwambia apige simu, na ipo ya mhandisi wa kampuni, ambayo hufunguliwa kwa nywila inayobadilika au kwa kidude cha kuchomeka mfano wa flashi, na huko ndiko zilikofichwa kumbukumbu kamili pamoja na majaribio ya kuzithibitisha. Mkataba wa matengenezo ukikwisha, ufunguo hukoma kufanya kazi, ingawa mashine ilikwisha kulipiwa na inakaa katika jengo la hospitali ikila umeme wa hospitali. Mashine zilizounganishwa na mtandao wa huduma za mbali huweza kumpelekea mtengenezaji kumbukumbu hizo zikiwa zimekamilika, hivyo mtu aliye nje ya nchi anajua feni imechoka kabla ya fundi aliyesimama mbele yake, na fundi huyo akiuliza, huambiwa kwamba maelezo hayo ni siri ya biashara.

Ofisi haikuanza jana kukutana na jambo hili, na pengine ndiyo maana inastahili pongezi ya pekee. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa iliamua kesi ya MAI Systems dhidi ya Peak Computer, ambamo kampuni ya matengenezo ilishtakiwa kwa sababu mafundi wake waliwasha kompyuta za wateja, programu ya MAI ikaingia katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nao wakasoma orodha ya hitilafu ili wajue kilichoharibika. Mahakama ilisema kwamba kuwasha huko kulizalisha nakala, na ikaichukulia ile hali ya fundi kuweza kuisoma orodha ya hitilafu kuwa sehemu ya ushahidi kwamba nakala imetulia vya kutosha kuitwa nakala. Kwa maneno mengine, kosa lilithibitishwa kwa kuwa fundi alielewa alichokisoma. Angekuwa mbumbumbu, huenda utetezi wake ungekuwa na nguvu zaidi.

Bunge la Marekani liliona aibu, na katika sheria ya 1998 likaongeza kifungu kinachosema kwamba kuwasha mashine kwa ajili ya matengenezo si kosa la hakimiliki. Kisha, katika sheria hiyohiyo, kurasa chache tu kando, likaweka kifungu cha 1201 kinachokataza kuvunja kufuli lolote la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki, isipokuwa kwa ruhusa inayotolewa kila baada ya miaka mitatu na Mkutubi wa Bunge kwa ushauri wa Msajili. Fundi akabaki na haki ya kuwasha mashine na marufuku ya kufungua mlango uliomo ndani yake, na hali hiyo ikadumu kwa vifaa tiba hadi Oktoba 2021, miaka ishirini na mitatu baadaye, ambapo ruhusa ilitolewa ya kuvunja kufuli la programu zinazoendesha vifaa tiba na mafaili ya data yanayohusiana nazo pale inapolazimu kwa uchunguzi, utunzaji au ukarabati. Ruhusa hiyo ilirudiwa Oktoba 2024. Vyama vya watengenezaji vilikwisha kuipeleka mahakamani Maktaba ya Bunge kwa ajili ya ruhusa hiyo, na Juni 2024 Mahakama ya Rufani ya Washington ikaamua kwamba kesi yao haikustahili kutupwa, kwa hiyo mafundi wanaosoma orodha za hitilafu wanashauriwa kusoma pia hukumu.

Ruhusa yenyewe ina uzuri wake. Kifungu cha 1201 kinakataza mambo mawili, kuvunja kufuli na kutengeneza au kusambaza zana za kuvunjia, na uwezo wa Mkutubi wa kutoa ruhusa unagusa lile la kwanza tu. Hospitali imeruhusiwa kula wali wa nazi, mradi asiwepo mtu yeyote nchini anayeuza mbuzi ya kukunia. Kila hospitali inatarajiwa, kwa akili ya mafundi wake yenyewe, kujibunia zana ya kufungua mfumo ulioundwa na wahandisi wa kampuni kubwa, ikamilishe kazi hiyo ndani ya miaka mitatu, na isimwambie jirani ilivyofanya.

Watengenezaji hujibu kwamba kufuli linamlinda mgonjwa, na hoja hiyo haipaswi kudhihakiwa yote, kwa sababu mtu asiyejua anaweza kuvuruga kipimo cha mionzi, na kumbukumbu za mashine nyingine huchanganya namba za hitilafu na majina ya wagonjwa, mambo ambayo sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama ile ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, hazitaki yatembee ovyo. Lakini kusoma si kubadili. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilichunguza ukarabati wa vifaa tiba na kuripoti Mei 2018 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuhitimisha kama kuna au hakuna tatizo la usalama lililoenea linalotokana na mafundi wasio wa kampuni, na kwamba wengi wao hutoa huduma bora na salama. Kanuni za mamlaka hiyohiyo zinawataka watengenezaji wa mashine za eksirei wampe anayeomba maelekezo ya kuzifunga, kuzirekebisha na kuzipima kwa bei isiyozidi gharama ya kuyachapa na kuyasambaza, na haieleweki kwa nini maelekezo ya kuipima mashine yawe ya bei ya karatasi huku yale ambayo mashine imeyaandika yenyewe yakiwa hazina iliyofukiwa.

Huenda Ofisi ikauliza mambo haya yanawahusu nini wasomaji wa Kiswahili. Yanawahusu kwa sababu mashine zilizotumika Marekani na Ulaya hukarabatiwa na kusafirishwa, kwa mauzo au kwa msaada, hadi hospitali za Afrika Mashariki, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu misaada ya vifaa tiba unawasihi watoaji waambatanishe vitabu vya matengenezo na vipuri. Kifungu cha 1201 hakivuki bahari, wala hakuna askari wa Washington atakayebisha hodi katika chumba cha CT cha hospitali ya rufaa, ila nywila huvuka pamoja na mashine, na zana ambazo Mmarekani amekatazwa kuzisambaza hazifiki. Mtaalamu aliyesomea vifaa tiba miaka mitatu hubaki anasoma kwenye kioo sentensi moja inayomtaka awasiliane na mwakilishi wa huduma, ambaye mara nyingi yuko nchi nyingine na hutoza nauli, posho na siku za hoteli kabla ya kugusa kitufe, wakati mgonjwa aliyeanguka kwenye bodaboda na kuumia kichwa anapandishwa gari kwenda mji mwingine wenye mashine nzima.

Kwa kuzingatia hayo, Ofisi inaombwa itoe ufafanuzi kama fundi anayenakili mstari wa hitilafu kwa kalamu, kutoka kwenye kioo hadi kwenye daftari la kazi, anahesabiwa kuwa mhakiki, mwizi wa maandishi au mfasiri, na kama mashine ambayo betri yake imekufa na inayoandika kutoka mwaka 1970 itahesabiwa miaka ya hakimiliki kuanzia tarehe hiyo. Inakumbushwa pia kwamba katika ripoti yake yenyewe ya Juni 2017 kuhusu kifungu cha 1201, Ofisi ilipendekeza Bunge lifikirie ruhusa ya kudumu kwa ajili ya uchunguzi, utunzaji na ukarabati, ili watu wasilazimike kurudi na maombi yaleyale kila baada ya miaka mitatu. Ruhusa ya sasa inakwisha Oktoba 2027. Ofisi inaombwa iitoe kabatini ripoti hiyo na kuipeleka tena Bungeni kabla ya mwezi huo, na safari hii iwaombee ruhusa na watu wanaotengeneza zana.